Nenosiri la Mama wa Masjala

Mama wa masjala alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya daktari mkuu, mkoba mapajani, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Alianza kutunza mafaili ya hospitali ile kabla sijazaliwa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama.

Mimi ni fundi wa kompyuta, ofisi yangu iko Moshi mjini. Hospitali yenyewe ni ndogo, iko juu mlimani katikati ya migomba. Asubuhi ile daktari mkuu alikuwa amenipigia simu: majibu ya vipimo vya msichana mmoja wa Mwika yamevuja, yamefika kanisani kwao kabla mwenyewe hajaambiwa. Seva, kompyuta kuu inayotunza mafaili, ilionyesha kwamba aliyefungua faili lake ni mama wa masjala. Barua ya kumwachisha kazi ilikuwa imeshachapwa.

"Siku faili hilo lilipofunguliwa nilikuwa msibani Uru," mama aliniambia. "Nimewaeleza. Wanasema kompyuta haidanganyi."

Nilijisikia vibaya, maana nilijua jambo. Pale bado waliingia kwenye seva kwa njia ya zamani, ile ya dirisha jeusi lenye maandishi matupu. Ukiandika nenosiri, linapita kwenye nyaya likiwa wazi, kama barua isiyo na bahasha. Niliwahi kushauri tubadilishe. Wakasema mbona inafanya kazi, nami nikanyamaza.

Nilimwomba daktari dakika kumi. Nikachomeka kompyuta yangu kwenye kisanduku cha mtandao kilichokuwa ukutani, pale pale wanapokaa wagonjwa, na mama akaenda masjala kuingia kwenye mfumo kama kawaida yake. Herufi za nenosiri lake zikaanza kutokea kwenye kioo changu. Nikazisoma kwa sauti, moja moja. Lilikuwa jina la mtu.

Daktari alisogea karibu. "Kwa hiyo yeyote aliyekaa hapa angeweza kuliona?"

"Yeyote mwenye kebo na nia mbaya."

Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama mlangoni pa masjala.

"Hilo ni jina la mtoto wangu niliyemzika," alisema taratibu. "Sijawahi kulitamka mahali hapa."

Daktari aliichana barua mbele yake, akamwomba radhi, kisha akaniambia njia ile ifungwe siku hiyo hiyo.

Njia mpya husimba kila kitu kabla hakijatoka kwenye kompyuta, na anayechungulia njiani huambulia herufi zisizo na maana. Kuiweka si kazi kubwa. Nilichoogopa ni kuifunga ya zamani, kwa sababu nikikosea, hospitali nzima inabaki nje ya mafaili yake, na foleni ilikuwa imefika getini. Nikaacha dirisha moja la zamani wazi, nikajaribu njia mpya kwenye la pili. Ikagoma. Nikajaribu tena. Ikagoma.

Muuguzi akaja mbio kutoka wodini. Kuna mgonjwa amezidiwa, hawezi kusema, na kabla ya kumchoma sindano wanataka kujua kama ana mzio wa dawa. Nikalifungua faili lake kupitia lile dirisha lililobaki, nikamsomea, naye akarudi mbio wodini. Kosa lilikuja kuonekana baadaye: ruhusa ya kusoma faili moja tu, lile lenye funguo za siri za njia mpya. Nikairekebisha, dirisha la pili likafunguka, nikaifunga njia ya zamani.

Aliyevujisha majibu ya yule msichana hatujamjua hadi leo.

Mwisho nilikwenda masjala. Kompyuta ya mama ilipounganishwa mara ya kwanza, ilimuuliza kama anaiamini seva, ikaonyesha mstari mrefu wa herufi na tarakimu, alama ya kuitambulisha seva hiyo. Wengi hubonyeza ndiyo tu. Nilimpa karatasi niliyonakilia mstari huo kutoka kwenye seva yenyewe, nikamwambia aulinganishe na ule wa kwenye kioo. Aliufuata kwa kidole, herufi kwa herufi, mpaka mwisho, akakubali.

"Sasa weka nenosiri jipya, mama."

Hakugusa kitu. "Geukia ukutani, baba."

Nikageuka.