Programu Iliyoitwa SAA

Ukitamka neno kikokotoo kwenye ofisi ya walimu, lazima mtu agune, maana kwetu neno hilo ni habari ya mafao ya kustaafu. Kwa hiyo mkuu wa shule alipoweka mezani boksi la vikokotoo vya kuchora grafu, zawadi ya marafiki wa usharika wa kanisa wenye shule yetu, wenzangu waliguna, wakacheka, kisha wakanigeukia mimi, mwalimu wa hesabu. Nilitakiwa nivijaribu muhula mzima, niandike kama vinawafaa wanafunzi.

Mimi ni mtu wa sokoni Mwanjelwa, subira sina. Nilimpa kimoja binti wa kidato cha tano, kichwa chepesi kuliko wote, anisaidie kukichunguza. Shule yetu iko Iringa, upande wa Kalenga, lakini yeye alitoka kwa wafugaji wa Usangu. Ndani ya wiki mbili alikuwa anakiandikia programu zake mwenyewe. Udhaifu wake ulikuwa mmoja tu, maswali ya saa. Swali likisema gari limeondoka saa 15:00, akiwa na haraka anachanganya na saa zetu za Kiswahili. Siku moja nilimtania mbele ya darasa: "Wewe saa yako umeiacha Usangu na ng'ombe!" Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka.

Siku ya mtihani akaingia na kile kikokotoo. Kikokotoo chenye programu hakiruhusiwi kwenye chumba cha mtihani, na nilikuwa nimemkanya kwa mdomo wangu. Msimamizi akakikamata, akakuta kuna kitu kimeandikwa ndani. Hapo shuleni kwetu udanganyifu ni kufukuzwa.

Jamani, nilikasirika! Niliona kanivua nguo mbele za watu. Nikachukua simu, nikanakili muda kutoka kwenye ratiba ya kikao cha nidhamu iliyoandikwa kwa Kiingereza, nikamtumia baba yake ujumbe: "Fika shuleni Ijumaa 9:00 bila kukosa." Hasira hasara, lakini nani anakumbuka methali saa kama hiyo?

Ijumaa saa tatu asubuhi kikao kikaanza, kiti cha mzazi kikiwa kitupu. Simu yake haipatikani. Ilipofika saa tatu na nusu mwalimu wa nidhamu akafunga daftari lake.

"Mzazi katudharau. Sikio la kufa halisikii dawa. Iandikwe barua, binti aondoke leo."

Binti alisimama karibu na mlango akirudia neno lile lile. "Baba atakuja. Hajawahi kuniacha."

Mkuu wa shule akanisukumia kikokotoo. "Wewe ndiye uliyepewa kazi ya kukipima. Kimemsaidia kuiba, au hakikumsaidia?"

Nilifungua orodha ya programu nikitegemea kukuta kanuni zimejazwa humo. Ilikuwepo moja tu, inaitwa SAA. Nikabonyeza. Kioo kikauliza: MCHANA 1, USIKU 2. Nikajibu 1. Kikauliza: SAA NGAPI? Niliandika namba iliyokuwa mbele yangu kwenye ratiba, 9.

Kioo kikajibu: 15:00.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kugeuza saa yetu iwe saa ya mtihani, mwalimu," alisema binti. "Kalkuleta yangu ndogo betri iliisha asubuhi ile. Kuingia na hii nimekosa. Lakini sikuiba."

Niliitazama ile 15. Nikatoa simu, nikasoma ujumbe wangu mwenyewe. Hakuna neno asubuhi. 9:00 tu. Mtu yeyote wa nchi hii akisoma hivyo, atakuja saa ngapi?

"Barua isiandikwe," nilisema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. "Mzazi hajachelewa. Nimekosea mimi."

Mwalimu wa nidhamu akaanza kubisha. Nikampa simu. Akasoma mara mbili, akanirudishia.

"Programu hii si wizi," alisema mkuu. "Kwa kuingia nayo atarudia mtihani. Lakini mzazi asiposaini leo, siwezi kumrudisha darasani. Tusubiri hiyo saa tisa yenu."

Binti alikaa kwenye benchi nje, mimi nikabaki dirishani nikichungulia geti. Saa sita, hakuna mtu. Saa nane, hakuna mtu. Nikaanza kuomba kwa Kinyakyusa, kama nifanyavyo nikibanwa. Je, kama hakuupata ujumbe kabisa?

Saa tisa kasorobo akaingia mzee mrefu mwenye shati jeupe la kanisani, vumbi hadi magotini. Binti alimkimbilia. Nami nikatoka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu." Alivua kofia, akanionyesha simu yake iliyozimika. "Nimetoka nyumbani alfajiri, na njiani ikaisha chaji. Nilikuwa na wasiwasi sana. Nimewahi?"

"Umewahi, baba," nikasema. "Aliyekosea saa ni mimi."

Binti akanitazama. Kisha akacheka, akacheka hadi akafuta machozi kwa mkono wa sweta.