Chumba Kilichongoja Wageni

Nilipewa ofisi ya huduma kwa wanafunzi kwa sababu nasema vizuri matangani. Mkuu wa chuo chetu cha ufundi, hapa Kitui, alinisikia nikimuaga mlinzi wetu mzee kwa hotuba iliyowaliza hata wasiompenda, na Jumatatu yake akaniita. Alisema chuo kinahitaji mtu wa kuwatia wanafunzi moyo. Mimi ni mtu wa Kilungu, nilikuwa nikifundisha stadi za mawasiliano, na cheo sijawahi kukikataa. Ofisi yenyewe ilikuwa stoo ya majembe na neti ya voliboli. Fundi wa rangi akaandika mlangoni: Ushauri Nasaha, Mwongozo wa Kazi, Usawa, Malezi na Mengineyo.

Matatizo yote ya kweli yaliangukia kwenye Mengineyo. Mwanafunzi wa mabomba hana buti za kazi, Mengineyo. Msichana wa ushonaji anashinda njaa, Mengineyo. Mimi niliwapa semina. Nilikuwa na semina ya kujiamini, ya kupanga malengo, na moja ya kutunza wakati ambayo haikuwahi kuanza kwa wakati. Mwanafunzi akilia mbele yangu nilimpa fomu, maana ni vigumu mtu kulia huku anaandika. Ubaya ni kwamba niliyaamini haya yote, na hilo bado linanikera.

Kisha wafadhili wakatujengea chumba cha kulelea watoto wa wanafunzi. Kilikuwa na vitanda vidogo, twiga wa rangi ukutani, na magodoro ambayo bado yalikuwa ndani ya nailoni. Mkuu alinikabidhi ufunguo pamoja na amri: asiingie mtu mpaka wageni waje kukizindua. Sikushangaa hata kidogo. Sisi ni watu wa kufunika makochi kwa vitambaa na kuwakalisha watoto chini, ili mgeni akifika akute kiti safi. Mgeni asipofika mwaka huu, kochi litamngoja. Kwa hiyo kila Ijumaa nilifungua chumba, nikapangusa twiga vumbi, nikafunga.

Wiki ya mitihani akaja ofisini mwanafunzi wa kuchomelea vyuma, mwenyeji wa Nuu, mwanamke pekee katika darasa lake. Huyo akiunganisha mabomba mawili, ungepapasa kiungo kwa kidole usikihisi. Fundi mmoja wa Mwingi alikuwa amemwahidi kazi pindi apatapo cheti. Mgongoni alibeba mtoto wa mwaka mmoja na kitu.

"Mwalimu, huyu huwa anakaa na mama yangu nyumbani," alisema. "Sasa mama amehama na mbuzi, wamefuata maji. Mtihani ni Alhamisi, masaa nne. Nataka tu mahali ya kumuacha."

Nilimwambia akae. Nikamuuliza anajiona wapi miaka mitano ijayo.

"Sijui, mwalimu. Mimi najua Alhamisi."

Nikampa fomu.

Alhamisi hiyo ndiyo wageni nao waliyoichagua. Mtihani ulikuwa uanze saa mbili. Mwalimu wa karakana alikuwa amemkataza kuingia na mtoto, na alikuwa na haki, cheche hazijui mtoto wa nani. Yule mwanafunzi akanikuta mlangoni pa chumba cha watoto, nina ufunguo mfukoni na tai shingoni. Nikamwambia angoje kidogo nimuulize mkuu. Mkuu alikuwa akiwaelekeza watu wa hema, ikanichukua karibu saa nzima kumpata, na jibu lake lilikuwa maneno mawili: "Mtoto atakojoa." Niliporudi niliyavalisha suti maneno hayo. Nikamwambia chumba bado kiko katika hatua za maandalizi. Mashine zilikuwa zikinguruma karakanani tangu saa mbili.

Mama wa jikoni alikuwa anapita na sufuria ya muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa. "Asi! Mwalimu, mlango ni huu na mtoto ni huyu. Mnaandaa nini?"

"Mkuu anasema atakojoa," nikasema.

Mama aliweka sufuria chini, akamfungua mtoto leso, akamchukua. Yule mwanafunzi alikimbia. Aliingia karakanani akiwa amepoteza karibu saa nzima, na msimamizi kutoka nje hakumwongezea hata dakika.

Wageni walikuja saa nne. Utepe ukakatwa, maombi yakaombwa, makofi yakapigwa. Ndipo mgeni mmoja, mama mpole mwenye miwani, akauliza, "Na watoto wako wapi?"

Mkuu akanitazama. Tangu nitoke shule ya msingi sijakimbia kama nilivyokimbia kwenda jikoni. Mtoto alikuwa amelala juu ya gunia tupu la maharagwe, mdomo wazi. Nikasema naomba kumwazima, dakika kumi tu.

"Asubuhi alikuwa anakojoa," mama wa jikoni akasema. "Saa hii amekauka?"

Nilimchukua hivyo hivyo. Nikamlaza kitandani, nailoni ikakwaruza, akaamka na kuangua kilio cha mbuzi aliyeachwa. Nikawaeleza wageni kwamba amekizoea sana chumba, anaogopa tunamtoa. Picha zikapigwa. Jioni hiyo niliandika ripoti kwa Kiswahili safi, nikasema chumba kinatumika na akina mama wanashukuru.

Majibu ya mtihani yalipotoka, yule mwanafunzi hakuwa amefuzu. Fremu yake ya dirisha ilikuwa na pembe tatu zisizo na doa, na ya nne haikuchomelewa, wakati ulimwishia mkononi. Angeweza kurudia, lakini fomu ya kurudia ilitaka sababu, iandikwe na ofisi yangu. Akaja akasimama mbele ya meza. Nikaandika bila kufikiri: Alikuwa mgonjwa. Ripoti yangu ilikwisha kwenda kwa wafadhili, na nilijiambia huu ni uongo usiomuumiza mtu.

Aligeuza karatasi akaisoma. "Mimi sikuwa mgonjwa, mwalimu."

"Ni maneno ya fomu tu. Si unataka kurudia?"

"Fundi wa Mwingi ameuliza kwa nini sikumaliza. Lazima nimuonyeshe hii. Akiona mgonjwa, atasema ni moto imenishinda, na hatanichukua." Sauti yake haikupanda. "Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimesimama hapo nje na wewe."

Nimehutubia mamia ya watu makaburini bila kukwama, lakini mbele ya huyo nilianza kutafuta kifuniko cha kalamu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikamwona mkuu kichwani mwangu akisoma fomu yenye ukweli, kisha ripoti yangu, kisha fomu tena. Nilitamani nimpeleke mwanafunzi huyo semina yoyote, hata ile ya kutunza wakati.

Nikakata neno, nikachukua fomu nyingine. Nikaandika kwamba mwanafunzi alichelewa kwa kukosa mahali pa kuacha mtoto, na kwamba chumba kilikuwepo, na ni mimi niliyekataa kukifungua. Mwandiko ulikuwa mbaya. Alifuata kila mstari kwa kidole, polepole, mpaka mwisho, kisha akanirudishia karatasi.

"Sasa gonga muhuri," akasema.