Wali Mweupe wa Fundi Bakary

Kila adhuhuri, kabla ya kugusa chakula, Bakary Pazi, fundi cherehani wa Kilwa Kivinje, alichukua punje moja ya wali, akaielekeza penye mwanga wa mlango, akaikagua kwa jicho moja kama mtu anayetunga uzi. Akiiona nyeupe pe, husema bismillahi. Akiiona ina wekundu hata kidogo, husukuma sahani.

"Mwanaheri! Huu umeutwanga mara ngapi?"

"Mbili, kaka."

"Kwetu ni tatu. Sisi si watu wa kula pumba."

Mwanaheri, mdogo wake aliyeachika akarudi kumtunzia nyumba, aliiondoa sahani. Viganja vyake vilikuwa vigumu kama kisigino kwa ajili ya mchi. Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha, lakini bei ya mpunga haikuwa na habari. Pishi nzima ikishatwangwa mara tatu, hubaki wali wa watu wawili wasio na njaa. Hela ya mboga yote ilimezwa humo. Wakala wali na kipande cha papa mkavu, leo hivyo, kesho hivyo. Pumba walimwagiwa kuku, nao walinenepa hata wakawa wanatembea kwa maringo.

Ndipo miguu ya Bakary ikaanza kuvimba. Balaa hilo lilimjia wakati mbaya, maana alikuwa amemposa Mwahija wa Kikole, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Nassibu, kaka wa Mwahija, alipokuja kumjulia hali, alimkuta anajikokota kwa kushika ukuta.

"Shemeji," alisema, "neno nawe hatuna. Lakini bwana harusi haingii kwetu kwa kubebwa kwenye kitanda. Tunakungoja mpaka mavuno. Usipofika kwa miguu yako, mahari tutakurudishia."

Hata cherehani ikawa haikanyagiki. Mwanaheri akamwita Sipriani, dresa, yule mhudumu wa wagonjwa pale zahanati. Alibonyeza ugoko wa mgonjwa kwa kidole gumba, shimo likabaki. Kisha akageuka, akawatazama kuku uani.

"Hawa mnawalisha nini?"

"Pumba tu, dokta," alijibu Mwanaheri.

"Basi wao wanakula chakula, ninyi mnakula weupe, ndiyo maana miguu inavimba. Twanga mara moja, mama, upepete makapi, basi. Weka na choroko, na kisamvu."

Alipoondoka tu, Bakary akafoka. "Mimi nile chakula cha kuku? Kesho niwike?"

"Wika, kaka. Bora uwike umesimama."

Kesho yake sahani ilikuja na wali mwekundu, choroko na kisamvu cha nazi. Bakary akaisukuma. Safari hii Mwanaheri hakuiondoa.

"Mchi ule pale," alisema. "Ukitaka mweupe, katwange."

Bakary akainuka kwa hasira, akauendea mchi, akaunyanyua mara moja. Mara ya pili akakaa kitako chini, pu! Kuku wakamzunguka wakidhani kaja kuwamwagia. Mmoja akamdonoa kikoi. Mwanaheri alijiziba mdomo kwa upindo wa kanga, lakini mabega yalimtikisika. Bakary akamwona, naye kicheko kikamtoka hata machozi.

"Haya, lete hicho chakula cha wenzangu!"

Akala, akaomba na ukoko.

Kuanzia siku hiyo mpunga wa siku tatu ukafika siku tano, na hela iliyobaki ikanunua samaki wabichi na kunde. Wiki zikapita. Asubuhi moja Mwanaheri, akichambua mboga, alisikia cherehani inanguruma kibarazani, haikatiki. Akaacha mboga, akapiga kigelegele peke yake.

Mavuno yalipokaribia, Nassibu alikuja tena, akamkuta shemeji yake anapanda ngazi za kibaraza mbilimbili.

"Huko kwetu hatuna fundi," alisema. "Ukishaoa, kwa nini urudi?"

Bakary akamwangalia dada yake.

"Nenda," alisema Mwanaheri. "Nitapumzisha mikono."

Cherehani ikatangulia kichwani kwa mmoja wa vijana wa Nassibu. Alfajiri ya safari Bakary alivaa kanzu aliyoishona mwenyewe, akamkumbatia dada yake, akatoka. Mwanaheri alisimama mlangoni akimtazama miguu, si uso: inanyanyuka, inatua, inanyanyuka. Bakary akapita kisima, akapita soko, akakata kona bila kugeuka, akaenda zake Kikole moja kwa moja.