Kavuo na Kipande cha Tatu

Batu ba Mususa, kule Butembo, bakikuambia ule musichana Kavuo anatengenezaka mashini, usibaamini sana. Kavuo anapunguza. Njo kazi yake, na kupunguza kunachosha kuliko kujenga, juu hakuna mutu anapita mu njia na kusifu kitu kile hakiko tena. Mwenye kujenga ukuta, bote banaona ukuta. Mwenye kupunguza programu, bataona nini?

Atelier yake, chumba cha kazi, iko nyuma ya duka ya Gracien, muuzaji wa misumari na rangi, mwenye alimupatia meza na waya moja ya courant ya umeme. Pale Kavuo anachukua tuboksi twa zamani twa internet, twenye batu bameisha kutupa, anafuta programu ya kiwanda, anaweka ingine yenye inaitwa Linux, na kaboksi kanakuwa mulinzi wa frigo ya chanjo. Kanapima joto. Joto ikipanda, kanalia. Tuboksi twa namna hiyo tuko mu bituo bya afya kadhaa upande wa Mabalako, na kamoja kalikuwa kwa Jokébed.

Jokébed ni infirmière, muuguzi wa kituo, tena ni muke wa Kasereka, kaka ya Kavuo. Musimu uliopita frigo ya kituo chake ilipata joto bila mutu kujua, chanjo ikaharibika yote, bamama bakarudi na batoto mugongoni. Bakubwa ba chanjo bakamwambia wazi: ikitokea tena, frigo inaenda fasi ingine. Donc bakaleta kipimo kipya cha joto, kizuri kuliko cha kwanza. Mais kipimo kipya kilikuja na bipande byake bya programu, na mémoire ya kaboksi, nafasi ya kuweka programu, ilikuwa imejaa. Kama bipande habiingii, kipimo hakitumiki, na frigo ya Jokébed itabaki bila mulinzi.

Kiini cha Linux hakibebi kila kitu. Bintu bingine binakaa inje kama bipande, na kuko programu moja, kazi yake ni kuita kipande na kukiingiza mu kiini. Sasa hiyo programu, na udogo wake wote, ilikuwa na maneno mingi! Ilikuwa na maelezo ya kusaidia mutu, yenye hakuna mutu angesoma kule Mabalako. Kavuo akatoa. Ilijua kuondoa kipande mu kiini. Nani ataondoa? Akatoa. Akatoa hata yale maneno programu inasemaka ikishindwa. Haikutosha. Courant inaenda, inarudi, yeye anakata, anajaribu, mémoire inakataa. Kuko siku alilalisha kichwa juu ya meza na Gracien akapita polepole ili asimuamushe.

Ilibaki sehemu moja nene, ile ya kuuliza nani anamutegemea nani. Juu kipande kingine hakiwezi kuingia kama mwenzake hajatangulia. Donc programu inatafuta, inapanga, inapangua. Unene wote ulikuwa pale.

Njo akakumbuka kitu chenye kila Munande, mutu wa kabila yetu, anajua mbele ya kujua kusoma. Kwetu jina inasema zamu. Mutoto mwanaume wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Ukisikia jina umeisha kujua nani alitangulia, hauna haja ya kuuliza. Kavuo akabatiza bipande. Chenye kinatangulia akakiita Paluku, na kufuatana vile mpaka Kakule, mwenye kuwa kipimo chenyewe. Ile sehemu nene akaitupa yote, akaweka mistari michache tu: ita Paluku, ita Kambale, ita Kasereka, ita Kakule. Kama mumoja hayuko, pita, ita mwenye kumufuata.

Ikaingia. Gracien alicheka, akasema basi kaboksi nako kamepata ukoo. Kavuo alicheka kidogo. Alikuwa amechoka sana.

Mutu wa inje angeuliza: kwa nini pita? Kwa nini isisimame? Kavuo hakujiuliza. Kwao, Kasereka mwenyewe, ule kaka yake, alitoka Beni siku moja akienda kwake Mabalako, benye bunduki bakashika barabara, na hakufika. Maiti haikuonekana. Kilio hakikufanywa, juu mama yao, Florentine, alisema hawezi kulilia mutu mwenye hakumuona amelazwa chini. Kutoka pale, bakimuuliza majina ya batoto bake banaume, anasema Paluku, Kambale, Kakule, na sauti haisimami hata kidogo. Kakule hakupanda kuwa wa tatu, hapana, jina haihami. Ni ya tatu njo inarukwa, na nyumba inaendelea kula na kusali. Kavuo ameishi vile miaka, na mikono yake ikaandika vile.

Kaboksi kalifika Mabalako kakafanya kazi muzuri. Kisha siku moja courant ya panneau ya jua ilikatika vibaya, na kipande cha tatu kikaharibika mule ndani. Kaboksi kakaamuka. Paluku akaingia, Kambale akaingia, Kasereka hakuitika. Programu ikapita kimya. Kakule akaingia peke yake, na kipimo bila kipande cha tatu hakipimi kitu, kinaonyesha tu namba ya mwisho yenye kilikuwa nayo. Namba muzuri, ya baridi. Jokébed alikuwa anapita mbele yake asubui na jioni, anaona iko sawa, anaenda kwa bagonjwa.

Bazee balisema mwenye kuficha ugonjwa, kilio kitamufichua. Siku ya chanjo Jokébed alifungua frigo, akashika chupa, na ilikuwa vuguvugu kama maji ya kuoshea mutoto. Bamama balikuwa bameisha kukaa ku benchi. Akabarudisha bote.

Alimupigia Kavuo simu na hakugombana, na ile njo ilimuuma Kavuo zaidi. Alisema tu kaboksi kanasema baridi na frigo haina baridi, na superviseur wa chanjo yuko njiani. Kavuo akafungua programu yake pale mezani, akasoma ule mustari wa kupita, na haya ikamupanda mpaka ku masikio. Akatoa kamuziki kenye kaboksi kalikuwa kanapiga kakiamuka, na ku ile nafasi akarudisha maneno. Sasa kipande kikikosa, programu inasimama, inakitaja, na kaboksi kanalia mpaka mutu akuje. Ukubwa ulibaki ule ule. Angeweza kufanya vile kutoka mwanzo, na kujua ile kulimuchosha kuliko kazi yote.

Hakutuma mutu wa pikipiki na kifurushi. Alienda yeye mwenyewe, Butembo mpaka Beni, kisha barabara ya Mangina, yenye hakuna mutu wa kwao aliipita tangu Kasereka. Alipofika, frigo ilikuwa imeisha kupanda mu gari ya camionnette na kufungwa kamba. Superviseur alikuwa mutu wa heshima. Alisema pole, akasema kuko kituo kingine kinangojea, akaenda. Ku ukuta kukabaki alama safi fasi frigo ilikuwa, na kaboksi kakiningʼinia ku waya.

Bakakaa babili ku benchi ya bamama. Kavuo alianza kueleza mambo ya mémoire na bipande, Jokébed akamuacha aseme. Kisha Kavuo akaacha ya ufundi.

— Mama Bénite, niliandika vile tunafanyaka kwetu. Mutu hayuko, tunapita, hatusemi. Njo kosa yangu.

Jokébed alikuwa anakunja blouse yake nyeupe ya kazi. Akaikunja mpaka ikawa ndogo, akaiweka kando.

— Frigo, siku moja bataleta ingine, alisema. Mais mimi, miaka hii yote, hakuna mutu wa kwenu alikuja kuniambia bwana yangu alikufa. Mutoto wangu Bénite ananiuliza baba yuko wapi. Nimujibu nini? Kilio kinatangazwa na ukoo wa bwana. Siwezi kulia peke yangu kama mwizi.

Kavuo alijua mama yake atakasirika. Alijua tena kusema ile neno ni kazi ya Paluku, mukubwa wao, si ya musichana. Mais Paluku hakukuwa pale, na hakukuwa amekuja hata siku moja.

— Kasereka alikufa, alisema. Kaka yangu alikufa, Jokébed.

Jokébed akasimama. Akafungua kitenge chake, akakifunga tena chini ya kifua vile bamama banafungaka ku matanga, na akakaa chini ku simenti. Kavuo akashuka ku benchi, akakaa chini karibu yake.