Fundo la Wavuvi Porini

Binti yangu Nyangi ni askari wa hifadhi, upande wa Bunda ambako mashamba ya pamba yanaishia na pori linaanza. Tangu avae ile sare sijalala vizuri. Gari likipita barabarani nasikiliza kama linasimama au linaendelea. Tembo siwaogopi kama ninavyowaogopa watu wenye panga.

Anapenda vitabu vya upelelezi, hasa vya mwanamke askari wa porini anayefuata nyayo mpaka anamkamata muuaji. Akiwa mapumziko hujilaza kwenye mkeka akisoma, miguu imevimba kwa buti. Wenzake kituoni humwita Inspekta. Mimi niliishia la saba na kitabu kizima kinanishinda, kwa hiyo hunisimulia nikichambua dagaa. Kila mara namuuliza kama huyo mwanamke ana mama.

Mwaka jana, nyumbu walipokuwa wanapita, mtu alitega nyaya karibu na mto. Wanyama wakanaswa shingo. Askari wakamkamata Magige, mfugaji jirani yetu, kwa sababu ng'ombe wake walikuwa wameingia upande ule na nyayo zake zilionekana. Mama yake, Benedikta, alikuja akakaa jikoni kwangu tangu asubuhi hadi mchana. Hakulia. Alisema tu kwamba Magige ana watoto wadogo, na kwamba wanaofungwa kwa mambo ya nyara hurudi wakiwa wazee. Akaniomba nimwambie binti yangu aangalie tena.

Nyangi aliangalia tena. Alipokuja nyumbani hakufungua kitabu. Alinionyesha picha kwenye simu: waya umeunganishwa na kamba ya nailoni, na kamba imefungwa kwenye shina la mti. Wafugaji wa huku hufunga kwa katani au ngozi, alisema, na hii nailoni ncha yake imechomwa moto.

"Mama, wewe umezaliwa ziwani. Fundo hili unalijua?"

Nililijua kabla hajamaliza kuuliza. Kwetu Kibara tulifunga hivyo mawe ya nyavu: unazungusha mara mbili, unapitisha chini, unabakiza mkia wa urefu wa kiganja, halafu unauchoma ncha kwenye kibatari usifumuke. Wavuvi wengine hawabakizi mkia. Ule mkia ulikuwa wa baba yangu, na alitufundisha sisi wawili tu, mimi na kaka yangu Pastory.

Na Pastory alikuwa anaishi kwangu. Samaki walipopungua aliuza mtumbwi, akaja kulima, nikampa kibanda nyuma ya zizi.

Nilitazama simu mpaka kioo kikazima. Ningesema wavuvi wote hufunga hivyo, Nyangi angezunguka huku na huku na Magige angefungwa. Ningesema kweli, ningempeleka kaka yangu jela kwa mkono wa mtoto wangu. Kwetu mpwa hamgusi mjomba wake. Mjomba akikutamkia neno baya, hata kizazi kinafunga, na Nyangi bado hajazaa.

"Ni la nyumbani kwetu," nilisema. "Na mimi sikutega."

Alirudisha simu mfukoni. Kisha akasema, "Kwenye vitabu, mama, yule askari hanaga mjomba."

Alimwita mwenzake, Fredi. Kesho yake mchana Nyangi alipiga goti, akamwamkia mjomba wake, akamnawisha mikono, nami nikapakua ugali. Pastory alikula polepole. Akamtania Fredi kwamba askari wa siku hizi wamekonda kama uzi wa nyavu, swala akiwapiga teke watapeperuka hadi Butiama. Fredi alicheka kidogo kwa heshima. Mjomba alipomaliza kula, Nyangi aliweka simu mbele yake na ile picha, akatoka kukaa nje, akiwa ametugeuzia mgongo. Maneno ya kumkamata aliyasema Fredi.

Pastory aliitazama picha. Hakukana. Alisema mkono wake umezoea, na kwamba nyama ilikuwa ya kuuza. Halafu akanigeukia.

"Ni wewe, Matrida?"

"Ni mimi, kaka."

Nilisubiri atamke lile neno baya. Aliniomba shati safi, akalivaa, akaondoka na Fredi. Alipompita Nyangi hakumtazama.

Magige aliachiwa. Benedikta aliniletea maziwa, akayaweka mlangoni, akashindwa kuingia.

Sasa Jumapili baada ya misa napeleka chakula mahabusu, Musoma. Pastory anapokea, anakula, anauliza habari za mahindi. Jina la Nyangi hajalitaja, kwa wema wala kwa ubaya. Nikirudi, Nyangi ananiuliza mjomba amesema nini. Namwambia bado. Anafunga kamba za buti, anarudi porini, na mimi naanza kuingojea Jumapili nyingine.