Nilifuta faili dogo nikidhani ni takataka, mlango wa baba ukanionyesha shim ni nini

Wakuu, heshima zenu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe hapa Same, siongezi chumvi.

Mimi ni fundi kompyuta. Zahanati moja ilinipa kazi ya kuhamishia programu yao ya zamani ya kadi za wagonjwa kwenye kompyuta mpya.

Ijumaa nikahamisha. Kuna faili moja dogo halikuwa hata na jina la maana, nikaliacha. Kisha nikaformat ile mashine ya zamani, nikafuta kila kitu. Ujuaji wangu huo!

Programu ikagoma kufunguka. Data zipo, hazisomeki.

Dada Nakijwa, muuguzi mkuu, akaniambia, "Jumatatu ni kliniki ya presha. Wazee wanashuka kutoka milimani, na mimi dozi zao siwezi kukisia."

Mama yangu ni mmoja wa wazee hao. Niliogopa, siwafichi.

Jumamosi nikahangaika kutwa, patupu. Jumapili nikapanda nyumbani, maana nilikuwa nimemwahidi baba kumsaidia kufunga mlango. Baba ni seremala.

Nyumba yetu ni ya mawe (wa milimani mnazijua), ukuta haujawahi kunyooka. Baba akasimamisha fremu, akachomeka vijipande vyembamba vya mbao kati yake na jiwe. Yeye anaviita kabari. Akaenda kunywa maji kabla hajapiga misumari.

Mimi huku nafagia. Nikaviona vinachungulia, nikaving'oa vyote, vikavunjika.

Baba aliporudi, mlango ulikuwa unakwaruza sakafu.

"Umetoa kabari zangu?"

"Nilidhani mabaki, baba."

"Mabaki! Ukuta umepinda, fremu imenyooka. Bila kabari, nani anavipatanisha? Haya, vichonge wewe sasa."

Nikachonga kimoja kimoja mpaka mlango ukajifunga kwa kuusukuma na kidole. Baba akachukua penseli, akaandika kwenye kila kabari: USITOE.

Hapo ndipo nikashtuka. Lile faili lilikuwa kabari!

Kwenye kompyuta tunaiita shim, code ndogo (programu fupi) inayokaa kati ya programu ya zamani na mfumo mpya. Programu ikiuliza kitu ambacho mfumo mpya hauna, shim ndiyo inayojibu. Programu ilikuwa ya zamani hata kuliko ile mashine, ndiyo maana fundi aliyenitangulia aliiweka; mimi nikaitupa.

Nikashuka mchana uleule. Shim yenyewe haikuwepo tena, kwa hiyo ilibidi niandike yangu. Nikasoma error, yaani jumbe za makosa, moja baada ya nyingine, kila swali la programu lililokosa jibu nikaliandikia lake. Ikagoma, nikarudia. Ikagoma tena. Nikaapa siinuki kwenye kile kiti.

Jua halijazama, kadi zikafunguka. Ya kwanza kuitafuta ilikuwa ya mama.

Jumatatu nikamweleza dada Nakijwa ukweli wote, kwamba kosa lilikuwa langu.

"Afadhali umesema," akajibu. "Sasa hakikisha hatokei mwingine kama wewe."

Nilichojifunza: kitu kidogo usichokijua kazi yake, uliza kwanza ndipo ukitoe.

Faili la shim yangu mpya nimelipa jina USITOE.

Haya, mafundi wa mbao na wa code, nani mwingine humu amewahi kung'oa kabari? Semeni tu, mimi nimeshaanza kujianika.