Mlango wa Ukumbi Wangu Pale Myanga

Mimi ni mzee mpumbavu, na Myanga nzima ni shahidi. Juzi baraza la kijiji lilikutana katika ukumbi wangu wa kukodisha kujadili sheria za ujenzi: milango ya kumbi ifunguke kwa nje, na jenereta zisiwashwe ndani. Zingepita, ningelazimika kubomoa mlango wangu. Basi nikasimama kuwabeza.

"Ati mlango ufunguke nje? Huo ni wa choo! Na jenereta yangu si hiyo hapo nyuma ya pazia? Nani amekufa?"

"Bado, mzee," akajibu mwenyekiti wetu, Mama Nekesa. Watu wakacheka.

Punde jenereta ikatema moshi mweusi. Wote wakakimbilia mlango na kuusukuma, nao ulitaka kuvutwa. Nikawaacha wakisongamana, nikapanda dirishani. Tumbo likakwama. Hatimaye walirudi nyuma kidogo, mlango ukafunguka, wakatoka wakikohoa.

Mama Nekesa akaja kusimama mbele ya dirisha langu.

"Wanaokubali sheria, inueni mikono!"

Yangu ilikuwa juu tayari, nikiomba kuvutwa.

"Hata mwenye ukumbi amekubali," akasema. "Haya, mtoeni."